Bendera, Hati na Mahakama: Manowari za Mataifa katika Bahari ya Hindi ya Magharibi, 1873 hadi 2024



1.0 Utangulizi

Mwezi Januari 2009 ilitangazwa kwamba kimeundwa Kikosi Kazi cha Pamoja Namba 151, sehemu ya Vikosi vya Pamoja vya Baharini ambavyo makao yake makuu yako Bahrain. Kikosi hicho kilipewa kazi moja: kuzuia uharamia katika Ghuba ya Aden na pwani ya Somalia. Uongozi wake ulipangwa uwe wa zamu, taifa moja likimwachia jingine baada ya miezi michache. Kwa anayeisoma historia ya pwani ya Waswahili, kikosi hicho kina wazee wake. Miaka 120 kabla yake, manowari za mataifa zilikwisha kujipanga mbele ya bandari zetu, nazo pia zilisema kwamba zimekuja kuilinda bahari dhidi ya biashara haramu.

Mhadhara huu unaviweka vipindi hivyo viwili mbele ya macho yetu kwa pamoja. Sikusudii kudai kwamba vinafanana kwa kila hali. Katika karne ya 19 manowari zilitangulia dola za kikoloni. Katika karne ya 21 zilikuja kwa maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya Somalia. Hata hivyo, liko jambo moja linalovifunga vipindi hivi pamoja, nalo ndilo hoja ya msingi ya mhadhara huu. Nguvu ya manowari huishia pale chombo kinaposimamishwa. Baada ya hapo huanza maswali ambayo mizinga haiwezi kuyajibu: chombo hiki ni cha aina gani? Bendera yake ni ya nani? Hati zake zimeandikwa na nani? Watu wake watahukumiwa na mahakama ipi, na kwa lugha ipi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoamua nani aitwe mfanyabiashara na nani aitwe mhalifu. Kwa kuwa ni maswali ya majina, maandishi na tafsiri, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunahusika nayo moja kwa moja.

2.0 Doria kabla ya mataifa kuungana

Uingereza ilianza kuibana biashara ya watumwa katika maji ya Zanzibar kwa njia ya mikataba. Mkataba wa 1822 kati yake na Seyyid Said ulikataza kuwauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mkataba wa 1845 ukakataza kuwasafirisha nje ya milki za Sultani za Afrika. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wote wa watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Mwaka uliofuata merikebu kubwa ya Uingereza iliyoitwa London ilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, ikakaa hapo kama ghala na kituo cha mashua za doria hadi miaka ya mwanzo ya 1880.

Ubaya wa biashara iliyozuiwa hauna mjadala. Watu walitekwa bara, wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa au Bagamoyo, wakashindiliwa ndani ya vyombo. Wengi walikufa njiani. Waliookolewa na doria waliokolewa kweli. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza pia namna doria hizo zilivyofanya kazi, kwa kuwa katika utaratibu wake ndimo ulimozaliwa mgogoro.

Ofisa na mabaharia wake walilipwa fedha kwa kila mtumwa waliyemtoa chomboni. Kama hapakuwa na mtumwa, lakini chombo kikahesabiwa kuwa cha biashara ya utumwa, malipo yalikadiriwa kwa tani za chombo chenyewe. Vyombo vingi vilichomwa moto au kuzamishwa baharini, ushahidi ukaangamia pamoja navyo. Malalamiko ya wafanyabiashara waliodai kwamba mali zao halali zimeteketezwa yalifika kwa konseli wa Uingereza, na kutoka kwake yakafika London.

Juu ya hayo, hali ya jamii ya pwani ilikuwa ngumu kusomwa na mgeni. Miongoni mwa mabaharia wa vyombo vya Waswahili na Waarabu walikuwamo watu wenye hali ya utumwa waliofanya kazi kwa ujira na kumpa bwana wao sehemu ya ujira huo. Je, mtu kama huyo ni bidhaa inayosafirishwa, au ni baharia aliye kazini? Jibu lilitegemea swali lililoulizwa, na swali lilipita kwa mkalimani. Manowari za Uingereza katika bahari hii ziliajiri wakalimani wa pwani, na mabaharia Waafrika ambao Waingereza waliwaita "Seedies". Hatima ya chombo kizima iliweza kutegemea namna mtu mmoja alivyolifasiri neno "mtumwa", "mtoto" au "mtu wangu".

Suala la bendera lilikuwa gumu zaidi. Ufaransa haikuiruhusu Uingereza kupekua vyombo vyenye bendera yake, na manahodha wengi, hasa wa Sur nchini Oman, walijipatia hati za Kifaransa. Mwezi Desemba 1881 nahodha wa merikebu London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokisogelea chombo kilichokuwa kikipeperusha bendera ya Ufaransa. Mgogoro huo wa bendera haukwisha hadi tarehe 8 Agosti 1905, Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague ilipotoa uamuzi wake juu ya vyombo vya Muscat. Uamuzi huo ulikubali kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Muscat bendera yake, na kwamba baada ya siku hiyo haki hiyo iliwekewa mipaka. Hivyo vyombo vya manahodha wa Sur vilifika mbele ya majaji wa Ulaya kama shauri kati ya dola mbili kubwa.

3.0 Mzingiro wa 1888 na Mkataba wa Brussels

Tarehe 28 Aprili 1888 Seyyid Khalifa bin Said alitia sahihi mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki utawala wa pwani ya Mrima. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni walipandisha bendera yao Pangani na kwingineko, na pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza upinzani kuanzia Pangani. Miji mingine nayo ikasimama. Kampuni haikuweza kuuzima upinzani huo.

Ndipo Bismarck alipoligeuza jambo la kampuni kuwa jambo la mataifa. Wakati huo huko Ulaya Kardinali Lavigerie alikuwa akiendesha kampeni kubwa dhidi ya utumwa. Serikali ya Ujerumani ilitumia hisia hizo kupata kibali cha bunge na ushirikiano wa Uingereza. Tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilianza kuizingira pwani, na tangazo likatolewa kwa jina la Sultani. Italia na Ureno nazo ziliunga mkono. Lord Salisbury alikuwa na sababu yake ya kushiriki: kuwa ndani ya mzingiro kuliipa Uingereza nafasi ya kuyaona kwa karibu matendo ya Ujerumani.

Makatazo yalikuwa mawili: kusafirisha watumwa na kuingiza silaha. Katazo la kwanza ndilo lililotajwa Ulaya. La pili ndilo lililowagusa Abushiri na wenzake, kwa kuwa liliwanyima bunduki na baruti huku manowari za Ujerumani zikiipiga mizinga miji ya pwani. Mzingiro uliondolewa tarehe 1 Oktoba 1889. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Pwani hiyo ikawa koloni.

Historia hii inajulikana kwetu si kwa kumbukumbu za Kijerumani na Kiingereza pekee. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliisimulia vita hiyo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kuwapo kwa utenzi huo kunatukumbusha kwamba watu wa nchi kavu waliziona manowari, wakazipa maana yao, wakaziandika kwa lugha yao. Kwa bahati mbaya, kwa doria nyingi zilizotangulia na zilizofuata hatuna utenzi wa kusimama kando ya daftari la manowari.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba mkuu wa Brussels wa kuzuia biashara ya watumwa. Kwa mada yetu mkataba huu una uzito wa pekee, kwa sababu ndio ulioweka katika sheria sura ya chombo kinachostahili kushukiwa. Haki ya kupekua iliwekewa mipaka ya eneo, yaani sehemu ya Bahari ya Hindi pamoja na Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Na iliwekewa kikomo cha ukubwa, yaani vyombo vya chini ya tani 500. Chombo kilihesabiwa kuwa cha wenyeji kikitimiza sharti moja kati ya mawili: umbo au tanga lake liwe la kienyeji, au nahodha na wengi wa mabaharia wake wawe wenyeji wa nchi zinazopakana na bahari hizo. Chombo kama hicho kilitakiwa kuwa na leseni, orodha ya mabaharia na orodha ya abiria. Na abiria Weusi wahojiwe bandarini ili ijulikane kama wanapanda kwa hiari yao.

Tuyatafakari masharti hayo kwa makini. Kilichokitofautisha chombo hakikuwa shehena iliyomo ndani yake. Kilikuwa mbao zake, tanga lake na asili ya watu wake. Meli ya chuma ya tani elfu moja ilipita bila kuguswa; jahazi la Lamu lililochukua boriti lilisimamishwa na kutakiwa kutoa karatasi. Wahenga walikwisha kusema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Mwaka 1890 maneno hayo yalipata vifungu vya sheria.

4.0 Vikosi vya pamoja vya karne ya 21

Serikali ya Somalia ilianguka mwezi Januari 1991. Pwani ndefu kuliko zote za Afrika bara ikabaki bila mlinzi. Meli za uvuvi za nje ziliingia bila leseni yenye nguvu ya dola, na baadhi ya vikundi vya Wasomali vilivyoanza kuzikamata vilijiita walinzi wa pwani. Dai hilo lilikuwa na msingi wake mwanzoni. Lakini baada ya muda mfupi utekaji ukawa biashara yenye wawekezaji, wapishi, walinzi na wapatanishi wa fidia. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2013 kwamba kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 meli 179 zilitekwa, na fidia iliyolipwa ilikuwa kati ya dola za Marekani milioni 339 na milioni 413.

Pwani ya Waswahili iliumizwa mapema. Mwezi Juni 2005 meli Semlow, iliyokodiwa na Mpango wa Chakula Duniani, ilitekwa ikitoka Mombasa kwenda Bosaso na tani 850 za mchele. Mabaharia wake walikuwamo Wakenya, naye mhandisi wake alikuwa Mtanzania. Walishikiliwa kwa miezi kadhaa. Mwezi Septemba 2008 ilitekwa meli Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33. Mwezi Novemba mwaka huohuo meli ya mafuta Sirius Star ilitekwa katika bahari kuu, mamia ya maili kusini-mashariki ya Mombasa. Mwezi Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, nayo ikielekea bandari hiyohiyo na shehena iliyokuwamo chakula cha msaada.

Manowari za mataifa zilikwisha kuwapo. Kikosi Kazi Namba 150 kilifanya doria tangu mwaka 2002, lakini kazi yake ilikuwa kupambana na ugaidi. Azimio 1816 la Juni 2008 liliruhusu mataifa yanayoshirikiana na serikali ya mpito ya Somalia kuwafuata maharamia hadi ndani ya maji ya nchi hiyo. Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni Atalanta mwezi Desemba 2008. Kikosi Namba 151 kikafuata mwezi Januari 2009. Mwezi Agosti mwaka huo NATO ikaanzisha operesheni Ocean Shield iliyodumu hadi Desemba 2016. China, India, Urusi na mataifa mengine yalituma manowari chini ya amri zao wenyewe.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ili methali hiyo isitimie, ulianzishwa mwaka 2008 utaratibu wa mikutano ya mara kwa mara huko Bahrain ambapo maofisa wa vikosi hivyo walipashana habari bila yeyote kumwamuru mwenzake. Katika Ghuba ya Aden ilichorwa njia maalumu ya kupitia meli za biashara, nazo zikapangwa katika misafara na kulindwa.

Kwa mujibu wa Ofisi ya Kimataifa ya Masuala ya Bahari, mashambulizi yaliyohusishwa na maharamia wa Somalia yalikuwa 111 mwaka 2008, 219 mwaka 2010 na 237 mwaka 2011. Mwaka 2012 yalishuka hadi 75, na mwaka 2013 hadi 15. Si haki kuzipa manowari sifa yote. Meli za biashara zilianza kubeba walinzi wenye silaha, zikaongeza mwendo na kuzungushia seng'enge. Na nchi kavu, tawala za Somalia na wazee wa miji waliwabana watekaji. Lakini pia si haki kuzinyima sifa yake. Mamia ya mabaharia, wengi wao watu maskini wa Asia na Afrika, walirudi makwao salama.

5.0 Mombasa: mahakama nchi kavu kwa kosa la bahari kuu

Manowari ya Kimarekani Winston S. Churchill ilikikamata mwezi Januari 2006 chombo cha Kihindi kilichotekwa na Wasomali kumi. Wapelekwe wapi? Walipelekwa Mombasa, na mwezi Novemba mwaka huo kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Kuanzia Desemba 2008 hadi Machi 2009 Kenya ilikubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kupokea watuhumiwa. Zaidi ya watu 100 walifikishwa. Mwezi Juni 2010 lilifunguliwa katika gereza la Shimo la Tewa jengo la mahakama lenye ulinzi mkali, lililojengwa kwa msaada wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu.

Mzigo huo ulikuwa mzito kwa mahakama ambazo tayari zilielemewa na kesi za wananchi. Mashahidi walikuwa askari wa majini wa mataifa ya mbali, waliotakiwa kurudi Mombasa kila kesi ilipoahirishwa. Watuhumiwa walisema Kisomali. Mashahidi walisema lugha za Ulaya. Mahakama iliandika kwa Kiingereza. Kati yao alisimama mkalimani. Karne moja na zaidi baada ya merikebu London, uhuru wa mtu ulikuwa bado ukipita katika kinywa cha mtu wa tatu.

Mwezi Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka ya kusikiliza kosa lililotendwa nje ya maji ya nchi, katika kesi ya watu tisa waliokamatwa na manowari ya Ujerumani. Uamuzi huo ulitikisa mfumo mzima. Mwezi Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani iliutengua, ikisema kwamba uharamia ni kosa ambalo taifa lolote lina mamlaka ya kulihukumu. Wakati huo Ushelisheli nayo ilikuwa imekwisha kupokea sehemu kubwa ya kesi hizo.

Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili kulikuwa na manowari kadhaa baharini, zenye rada na helikopta, na suala la msingi halikuwa limeamuliwa: nani mwenye haki ya kuhukumu? Jibu lilitolewa na majaji nchi kavu, wakifasiri maneno ya sheria.

6.0 Heroini na chombo kisicho na taifa

Kazi ya Kikosi Namba 150 ilipata sura nyingine kadiri heroini kutoka pwani ya Makran ilivyoongezeka katika njia ya kusini, kuelekea Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Msumbiji. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin, ikiwa chini ya kikosi hicho, ilikisimamisha chombo maili 27 hivi za baharini kutoka pwani ya Kenya, ikakuta kilo 1,032 za heroini.

Sheria iliyotumika ni ipi? Kifungu cha 110 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinairuhusu manowari kukipanda chombo cha nje katika bahari kuu kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni kutokuwa na utaifa. Chombo cha mbao kisicho na bendera wala hati ndicho kinachoingia katika kifungu hicho. Mkataba wa 1890 ulidai hati kwa sababu ya umbo la chombo. Mkataba wa 1982 hautaji umbo, na hapo pana tofauti kubwa inayopaswa kukiriwa. Lakini katika utendaji, macho ya doria yamebaki palepale, juu ya chombo kidogo cha mbao.

Baada ya kukamata dawa, kwa kawaida kikosi kiliziteketeza baharini, na chombo na watu wake wakaachwa waende, kwa kuwa hapakuwa na mahakama iliyokubaliwa ya kuwapokea. Wakosoaji waliuliza kama utaratibu huo unamgusa mwenye mali, au unamrudisha tu baharia kwa tajiri wake. Swali hilo linatuhusu. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini; vijana wanaoitumia huduma hiyo ndio wanaolipia gharama ya kila kifurushi kilichopita.

7.0 Suala la lugha

Neno linalojirudia katika kumbukumbu zote hizi, tangu ripoti za miaka ya 1870 hadi taarifa za 2014, ni neno la Kiingereza "dhow". Asili yake bado inajadiliwa, na wapo wanaolihusisha na "dau" la Kiswahili. Lakini Mswahili wa pwani hakujua chombo kinachoitwa hivyo kwa jumla. Alijua mtepe, uliofumwa kwa kamba bila misumari na kutwekwa tanga la mkeka. Alijua dau, mashua na jahazi. Alijua betili, bedeni, ganja, bagala na sambuki za wageni waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Kila jina lilimwambia chombo kimeundwa wapi, kimekuja kwa msimu gani, na kwa kawaida kinachukua nini. Nahodha wa Lamu angekitazama chombo kwa mbali na kujua kama hicho ni kigeni au cha nyumbani. Ofisa wa doria aliandika neno moja tu, na neno hilo likaingia katika daftari likiwa na harufu ya tuhuma.

Neno "haramia" nalo lina somo. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani halikuwa la bahari pekee: haramia ni mnyang'anyi, awe njiani au majini. Sheria ya kimataifa, kinyume chake, inautambua uharamia pale tu unapofanyika katika bahari kuu, kwa maslahi binafsi, na kwa chombo kimoja dhidi ya kingine. Kitendo hichohicho ndani ya maji ya nchi ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Tofauti hiyo inahitaji istilahi ya wazi. Tangu Kenya ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi katika Katiba ya 2010, na tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kazi hiyo si anasa ya wanaleksikografia tena. Hakimu atakayesoma "uharamia" kwa maana ya zamani na wakili atakayeusoma kwa maana ya mkataba watakuwa wanabishana juu ya mambo mawili tofauti, huku mtu akisubiri kizimbani.

Hapa napendekeza kazi tatu kwa wanafunzi wetu. Kwanza, kuzisoma upya ripoti za manowari za karne ya 19 kwa msaada wa msamiati wa Kiswahili wa vyombo, ili "dhow" za maofisa zirudishiwe majina yake. Pili, kuzichunguza kumbukumbu za kesi za Mombasa, hasa kazi ya wakalimani. Tatu, na hii ndiyo ya haraka zaidi, kukusanya simulizi za mabaharia wa Mombasa, Lamu, Tanga, Zanzibar na Kilwa waliotekwa, waliopekuliwa, au walioacha bahari kwa hofu ya yote mawili. Manowari zina madaftari. Maharamia waliandikwa na waandishi wa habari wa dunia nzima. Baharia wa kawaida hajaandikwa.

8.0 Hitimisho

Muda wa ruhusa ya Baraza la Usalama kuingia katika maji ya Somalia ulikwisha mwezi Machi 2022, na wenye meli waliacha kuihesabu bahari hii kuwa eneo la hatari kubwa kuanzia Januari 2023. Mwezi Desemba mwaka huohuo meli Ruen ilitekwa. Jeshi la majini la India liliikomboa mwezi Machi 2024 na kuwachukua maharamia 35 hadi Mumbai kushtakiwa. Safari hiyo swali la mahakama lilijibiwa mapema, kwa kuwa aliyekamata alikubali kuhukumu.

Yaliyotokea tangu mkataba wa 1873 hadi kukombolewa kwa Ruen yanatufundisha kwamba bahari hailindwi na manowari peke yake. Doria iliyokosa mahakama iliwaachia watuhumiwa; doria iliyokuwa na mahakama yake yenyewe na malipo yake yenyewe iliwaonea wasio na hatia; na doria iliyotangaza wema kwa jina la Sultani mwaka 1888 iliifungulia mlango dola iliyomnyang'anya Sultani pwani yake. Usalama wa kweli ulipatikana pale nguvu ya baharini ilipokutana na sheria iliyo wazi nchi kavu, na na watu wa pwani walioweza kusema na kueleweka.

Sharti hilo la mwisho, la kusema na kueleweka, ni la taaluma yetu. Tukilitimiza, mwanafunzi wa kesho atakayefungua daftari la manowari atakuta kando yake ushahidi wa nahodha, kwa maneno ya nahodha mwenyewe.